Cleveland: Mji wa Viwanda Ulivyochorwa, na Wale Waliochorewa Rangi Nyekundu

Serikali ya Marekani ilipohesabu watu wake mwaka 1950, mji wa Cleveland, ulioko katika jimbo la Ohio kwenye ufuko wa kusini wa Ziwa Erie, ulikutwa una wakazi 914,808. Ulikuwa mji wa saba kwa ukubwa katika nchi nzima. Tanuru zake za chuma ziliwaka usiku na mchana, meli ndefu zilipindapinda mtoni zikiwa na shehena ya mawe ya chuma, na mnara wake mkuu, Terminal Tower, wenye orofa 52, ulikuwa jengo refu kuliko yote nchini nje ya New York. Katika hesabu ya mwaka 2020 mji huo huo ulikutwa una watu 372,624. Zaidi ya nusu milioni wametoweka, na wala hapakupita vita wala tauni.

Wamekwenda wapi, na kwa nini? Wataalamu wameandika vitabu vingi juu ya jambo hilo. Sisi leo tunapenda kumwalika msomaji tulitazame kwa njia nyingine, yaani kwa kuzifunua ramani za mji huo zilizochorwa katikati ya karne iliyopita. Nyingi kati yake zimehifadhiwa katika maktaba za Marekani, na sasa zimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, hata mtu aliyeko Bujumbura au Jinja anaweza kuzikagua mtaa kwa mtaa. Tumezikagua kwa muda mrefu, na tunakiri kwamba tulianza kwa udadisi tu wa kuona jinsi Wazungu wanavyochora miji yao. Tulimaliza tukiwa na fikira nyingine.

Kwanza tumweleze msomaji mahali penyewe. Ziwa Erie lina ukubwa wa kiasi cha kilomita za mraba 25,700, chini ya nusu ya ziwa letu la Viktoria, na kwa wastani kina chake hakizidi mita 19. Lakini ziwa hilo ni moja tu katika mnyororo wa maziwa matano makubwa. Huko juu, kandokando ya Ziwa Superior, kuna mawe ya chuma. Upande wa kusini na mashariki, katika milima ya Pennsylvania na West Virginia, kuna makaa ya mawe. Vitu hivyo viwili havina budi kukutana ili chuma kipatikane, na mojawapo ya mahali vilipokutana ni Cleveland, mawe yakija kwa meli na makaa kwa reli. Ndiyo asili ya utajiri wake. Mzee Rockefeller naye alianzisha hapo kampuni yake ya mafuta, Standard Oil, mwaka 1870.

Mto unaoukata mji huo katikati unaitwa Cuyahoga, neno la wenyeji wa kale ambalo, kama inavyoelezwa, maana yake ni mto uliopinda. Hakika umepinda. Kwenye ramani unafanana na nyoka aliyekanyagwa mkia. Katika mwaka 1827, mfereji wa Ohio na Erie ulipokuwa ukifunguliwa, wahandisi walichimba mlango mpya wa kuufikisha mto ziwani kwa njia ya mkato, na mkondo wa zamani ukabaki upande wa magharibi kama bwawa refu. Kipande cha ardhi kilichobaki baina ya ziwa na mkondo huo kinaitwa hadi leo Whiskey Island. Hapo ndipo mwaka 1912 yalipojengwa mashine makubwa manne yaliyobuniwa na Bwana George Hulett, ambayo kila moja lilikuwa likiingiza mkono wake tumboni mwa meli na kuchota tani 17 za mawe kwa mara moja. Mtu aliyekuwa akiliendesha aliketi ndani ya mkono wenyewe, akashuka nao na kupanda nao kutwa nzima. Yalifanya kazi mpaka mwaka 1992.

Ramani ya kwanza ya mji ilichorwa mwaka 1796, kabla mji wenyewe haujakuwako. Kampuni moja ya ardhi kutoka Connecticut ilimtuma Jenerali Moses Cleaveland pamoja na wapima ardhi wake. Nao wakaweka uwanja wa eka 10 katikati, wakapiga mistari iliyonyoka kama rula ya mwalimu, wakagawa viwanja 220 kwa watu ambao hawajafika. Waliokuwa wakiishi katika nchi ile hawamo katika mchoro huo. Tumeona tulitaje jambo hili mapema, kwa sababu tutalikuta tena katika ramani za baadaye, ingawa limevaa nguo nyingine.

RANGI YA WARIDI NA RANGI YA SAMAWATI

Tukifika katika miaka ya 1950 tunakuta kwamba mji mmoja una ramani za namna nyingi, na kila moja inaona lile ambalo mwenyewe aliyeichora alilipwa aone.

Ramani ya idara ya upimaji ya serikali kuu inaonyesha vilima, reli, madaraja na mistari ya kimo. Lakini mahali nyumba zinapobanana hapachorwi nyumba. Mtaa wote hupakwa rangi nyepesi ya waridi, na juu yake huonyeshwa shule, makanisa na majengo makubwa tu. Familia elfu kumi huwa doa moja la waridi. Nakala zilizosahihishwa katika miaka ya 1970 kwa kutumia picha za ndege zilipigwa chapa ya zambarau kila mahali palipokuwa na kitu kipya, kwa hiyo mtu huona upesi barabara kuu iliyoongezwa. Kilichovunjwa ili barabara hiyo ipite hakikutengewa rangi.

Ramani ya mabaharia, iliyotolewa na idara ya upimaji wa maziwa iliyoanzishwa mwaka 1841, inafanya kinyume. Ziwa limejaa tarakimu za kina cha maji kwa futi, na ukuta wa kuvunja mawimbi, wenye urefu wa zaidi ya maili 5, umechorwa kwa uangalifu mkubwa. Bali mji wenyewe umekuwa mweupe kama karatasi, isipokuwa minara na mabomba ya moshi ambayo nahodha anaweza kuyalenga akiwa majini. Mtu akizipanga ramani hizi kwa kufuata miaka ataona pia kwamba ufuko haukutulia mahali pamoja. Mji ulikuwa ukitupa taka na matope ya mtoni ziwani, na taka hizo zikageuka ardhi. Uwanja wa ndege wa Burke, uliofunguliwa mwaka 1947, umekaa juu ya ardhi ya namna hiyo.

Lakini zile zilizotushika zaidi ni ramani za bima ya moto. Kampuni ya Sanborn, iliyoanzishwa mwaka 1867 na mpima ardhi wa jina hilo, ilikuwa ikiwatuma watu wake katika miji yote ya Marekani waende kwa miguu, nyumba kwa nyumba, wakiandika kila kilichoweza kuungua. Mchoro wao ulikuwa mkubwa, inchi moja kwa futi 50. Nyumba ya matofali ilipakwa waridi, ya mbao manjano, ya mawe samawati, ya mabati kijivu. Waliandika idadi ya orofa, unene wa kuta, namna ya paa, mabomba ya maji yapitayo chini ya njia, na mahali mlinzi wa usiku anapozungukia. Karani wa bima aliyeketi New York, ambaye hajawahi kuiona Cleveland, aliweza kujua kama karakana ya rangi imepakana na ghala la mbao, naye akapanga bei yake.

Na kwa kuwa mji haukai, kampuni haikuchapa ramani mpya kila mwaka. Ilipeleka vipande vidogo vya karatasi, na mfanyakazi alivibandika kwa gundi juu ya nyumba zilizobadilika. Vitabu vingine vina vipande juu ya vipande, hata ukurasa ukawa mzito kama ngozi. Mwaka 1967 idara ya sensa ilikabidhi vitabu vyake vilivyobandikwa hivyo kwa maktaba ya bunge la Marekani, ambako tayari zilikuwako nakala safi zisizobandikwa. Na mtafiti akiziweka nakala hizo mbili pamoja anaweza kuuona mji wa juu na mji wa chini yake.

Pamoja na uangalifu wote huo, moto mkubwa kuliko yote katika historia ya mji haukutokea mahali palipopakwa manjano kwa sababu ya mbao. Ijumaa ya tarehe 20 Oktoba 1944, alasiri, tangi moja la kampuni ya gesi karibu na ufuko, upande wa mashariki, lilipasuka. Ndani yake mlikuwamo gesi iliyopozwa mpaka ikawa maji, ufundi uliokuwa mgeni kabisa wakati ule. Gesi ilitiririka njiani kama mvuke mzito, ikaingia katika mifereji ya maji machafu, ikalipuka chini ya nyumba za watu. Vifuniko vya chuma vya mifereji vilirushwa angani. Watu 130 walikufa, na nyumba 79 ziliteketea katika mtaa uliokaliwa zaidi na wahamiaji wa Kislovenia. Wakati wa vita chuma kizuri kilikuwa adimu, na chuma cha tangi lile hakikuwa na nikeli ya kutosha kustahimili baridi ya namna ile. Ramani ya bima ilipima hatari ya kila ukuta, lakini hatari hii ilipita chini ya kuta.

HERUFI NNE

Sasa tuifikie ramani ambayo, kwa maoni yetu, msomaji anapaswa kuijua kuliko zote.

Mwaka 1933 Marekani ilikuwa katika dhiki kuu ya uchumi. Watu walinyang'anywa nyumba zao kwa maelfu kwa kushindwa kulipa rehani. Serikali ya Rais Roosevelt ikaunda shirika la kuwakopesha wenye nyumba, linalojulikana kwa herufi HOLC, nalo likaziokoa nyumba zipatazo milioni moja. Lilibadili hata desturi ya mikopo. Zamani mkopo wa nyumba ulikuwa wa miaka michache, na mwishoni deni zima lilidaiwa kwa mkupuo. Shirika likaruhusu watu walipe kidogokidogo kwa miaka 15. Hilo lilikuwa jambo jema, na si haki kulificha.

Lakini shirika hilo hilo, baina ya mwaka 1935 na 1940, lilichora ramani za miji zaidi ya 200, Cleveland ikiwemo, ili kuonyesha mahali ambapo fedha iko salama na mahali isipokuwa salama. Mitaa iligawanywa katika madaraja manne. A ilipakwa kijani, maana yake bora. B samawati, ingali ya kutamanika. C manjano, inayoporomoka. D nyekundu, ya hatari. Kwa kila eneo ilijazwa fomu. Fomu iliuliza umri wa nyumba na hali ya paa, maswali ambayo hata karani wa Sanborn angeyauliza. Kisha iliuliza wakazi wa asili ya kigeni ni asilimia ngapi na wa taifa gani, Wamarekani Weusi ni asilimia ngapi, na kama kuna watu wa namna fulani ambao wameanza kupenya. Neno lililotumika ni la kupenya, kama vile maji yanavyopenya kwenye jahazi.

Hivyo ngozi ya mtu ikaandikwa pamoja na paa bovu na bomba lililotoboka. Mtaa wa Central, ambako Wamarekani Weusi waliotoka mashamba ya pamba ya Kusini walikuwa wamesongamana tangu Vita Kuu ya Kwanza, ulipakwa nyekundu. Kitongoji cha Shaker Heights, kilichopangwa kwenye miinuko ya mashariki na ndugu wawili wa ukoo wa Van Sweringen, ambako hati za viwanja zilikuwa na masharti ya kuwazuia wasiotakiwa, kilikuwa na kijani tele.

Yatupasa tuwe waangalifu hapa, kwa sababu siku hizi watu huisimulia habari hii kana kwamba karatasi ile moja ilileta mabaya yote. Wanahistoria wanabishana kuhusu mabenki mangapi yaliiona ramani yenyewe. Mikopo mingi ya shirika ilikwisha kutolewa kabla haijachorwa, na ilitolewa hata katika mitaa iliyopakwa nyekundu baadaye. Aliyefunga mlango kwa nguvu zaidi ni idara nyingine ya serikali, FHA, iliyoundwa mwaka 1934 kudhamini mikopo ya mabenki, nayo ilikuwa na ramani na kanuni zake za aina ile ile. Basi ramani ya HOLC tuione kama picha ya fikira za wakati wake; ilichapa kwa wino yale ambayo wakopeshaji na wauza nyumba walikwisha kuyaamini. Matokeo yake mtu Mweusi mwenye kazi nzuri kiwandani, mwenye akiba na mke na watoto, hakupata mkopo wa kununua nyumba katika mtaa wake kwa kuwa mtaa ni mwekundu, na hakuuziwa nyumba katika mtaa wa kijani kwa kuwa yeye ni Mweusi. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1948 kwamba masharti ya ubaguzi katika hati za viwanja hayawezi kutekelezwa na mahakama; hata hivyo mwaka 1956, katika sehemu ya Ludlow huko Shaker, bomu lililipuliwa penye nyumba ya mwanasheria mmoja Mweusi iliyokuwa ikijengwa. Baadhi ya majirani, Weusi kwa Weupe, walijibu mwaka uliofuata kwa kuunda chama cha kukaa pamoja. Sheria ya kukataza ubaguzi wa nyumba nchini kote haikupatikana hadi mwaka 1968.

Msomaji ambaye wazazi wake waliishi katika miji ya Afrika Mashariki wakati wa ukoloni hahitaji kuelezwa zaidi. Huko nako kulikuwa na sehemu ya Wazungu kwenye upepo mzuri, sehemu ya Waasia penye maduka, na sehemu ya Waafrika penye mbu.

NENO LETU KATIKA MJI WAO

Tulipokuwa tukifuata njia za mashariki, baina ya mtaa wa Quincy na njia ya 89, tulikuta jina lililotushtua. Limeandikwa Karamu.

Si bahati nasibu. Mwaka 1915 bwana na bibi Jelliffe, Wazungu waliotoka kusoma chuo cha Oberlin, walifungua katika mtaa wa Central nyumba ya kuwakaribisha watu wote bila kujali rangi. Michezo ya kuigiza ikashamiri humo kuliko yote, na mwandishi Langston Hughes, aliyemaliza shule ya sekondari mjini hapo mwaka 1920, alikuwa rafiki wa nyumba hiyo na tamthilia zake zilichezwa na waigizaji wake. Moto uliuharibu ukumbi wao mwaka 1939. Mwaka 1941 nyumba nzima ilichukua jina la Karamu, neno la Kiswahili, nao wakilifasiri kuwa ni mahali pa furaha na makutano. Mswahili atasema karamu haitimii pasipo chakula, lakini hatuwezi kuwalaumu. Ukumbi mpya ulifunguliwa mwaka 1949, na nyumba ingali ikifanya kazi.

Tafakari tu: katikati ya mji ambao serikali ilikuwa imeuchora ili kila mtu akae kwake, watu walichagua neno la pwani yetu, lenye maana ya kuwaita wote mezani, wakalitundika mlangoni.

BARABARA ZISIZOJENGWA

Kuna namna ya mwisho ya ramani, nayo ni ile ya wapangaji, inayoonyesha mji usiokuwako. Katika miaka ya 1950 na 1960 mhandisi wa wilaya, Albert Porter, alikuwa na michoro ya barabara kuu za magari zinazokata kila upande. Zilizopita katika mitaa ya wafanyakazi, kama Tremont, zilijengwa. Ukilinganisha karatasi ya kabla na ya baada utaona mistari ya njia imekatwa ghafula, na upande wa pili wa barabara kuu njia ile ile inaendelea kwa jina lile lile kama kwamba haikutokea kitu. Barabara moja ilipangwa ipite juu ya maziwa madogo ya Shaker. Wakazi wa huko, wenye mawakili na muda na magazeti, waliipinga, wakafungua hapo kituo cha elimu ya viumbe mwaka 1966, na mwaka 1970 gavana wa Ohio akaifuta. Tunawapongeza kwa ushujaa wao. Tunasikitika tu kwamba wa Tremont hawakuwa na maziwa ya kuoneana nayo huruma.

Mtaa wa Hough ulionyesha gharama yake mapema. Mwaka 1950 ulikuwa karibu wote wa Wazungu. Kufikia mwaka 1960 wengi walikuwa Weusi, waliosukumwa huko na ubomoaji wa Central, wakipangishwa nyumba zilizokatwakatwa vyumba na wenye nyumba wasioishi hapo. Julai 1966 fujo zilizuka, watu wanne wakauawa, wote Weusi, na majengo mengi yakachomwa.

Mwaka uliofuata, Novemba 1967, wananchi wa Cleveland walimchagua Carl Stokes kuwa meya, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuongoza mji mkubwa wa nchi hiyo. Alimshinda Seth Taft, mjukuu wa rais. Stokes alizaliwa mwaka 1927 katika mtaa wa Central na kukulia katika nyumba za serikali za Outhwaite, ndani ya eneo lililopakwa nyekundu.

Ni yeye aliyekuwa meya mto ulipowaka. Tarehe 22 Juni 1969 mafuta na takataka zilizoelea juu ya Cuyahoga zilishika moto, madaraja mawili ya reli yakaharibika, na hasara ikakadiriwa kuwa dola 50,000. Moto ulizimwa chini ya nusu saa, hata hakuna aliyewahi kuupiga picha. Ile iliyochapishwa na gazeti la Time ilikuwa ya moto mwingine mkubwa zaidi wa mwaka 1952. Mto ule ulikuwa umekwisha kuungua mara nyingi. Tofauti ni kwamba kesho yake meya aliwachukua waandishi wa habari akawatembeza kandokando yake, akawaonyesha mabomba yanakotoka na machafu yanakoingia. Baadaye habari ile ilienea nchi nzima, na mwaka 1972 bunge likapitisha sheria ya maji safi. Mwaka 2019, miaka 50 tangu moto ule, wakuu wa Ohio walitangaza kwamba samaki wa Cuyahoga wanaweza kuliwa.

Tulirudi kuitazama karatasi ya upimaji ya miaka ya 1950 ili tuone mto ule ulichorwaje kipindi kile ulipokuwa ukiwaka moto. Umepakwa samawati safi kutoka kwenye viwanda vya chuma mpaka ziwani, rangi moja na ziwa lenyewe.